Panda: Watoto wasome hesabu ya operesheni, lakini waanzie kwenye robineti na sufuria zetu

PANDA, LIKASI – Jamaa wa Panda pamoja nanyi mliokimbia makwenu na sasa mnaishi kati yetu, leo siwaletei habari ya ajali wala ya bei ya unga. Nataka kutoa maoni yangu juu ya somo moja la chuo kikuu.

Papa mmoja jirani yangu alinisimamisha njiani. Kijana wake anasoma enformatiki, na kwenye daftari papa ameona maneno «recherche opérationnelle». «Mwandishi, mimi ninauza makala ili nilipe masomo, kumbe mtoto anafundishwa operesheni? Operesheni si ya waaskari?»

Sikumcheka. Mtu aliyetoroka pande za Mitwaba ao Pweto akisikia «operesheni», anatafuta watoto wake kwanza. Na kweli neno lilitoka kwa waaskari: mwishoni mwa miaka ya 1930, Waingereza waliwaita wanasayansi wawasaidie kutumia rada vizuri. Vita ikaisha, hesabu ikabaki. Leo ni elimu ya kupanga kazi: vitu ni vichache, wenye kuhitaji ni wengi, ni mpango gani utapoteza kidogo zaidi?

Tuchukue robineti. Tuseme bidoni moja inajaa kwa dakika mbili na maji yanakuja saa tatu tu. Ni bidoni 90, hakuna miujiza. Wakija watu 140 na kila mmoja bidoni yake, 50 watarudi nazo tupu. Yule mama wa 91 angeweza kuambiwa mapema, akaenda zake sokoni, kuliko kusimama na mtoto mgongoni mpaka jua kali. Tena, robineti zikiwa mbili, mstari mmoja unaogawanyika mbele ni wa haki kuliko mistari miwili: hakuna anayekwama nyuma ya mwenye bidoni tano huku waliokuja baada yake wanateka kule upande wa pili. Kijana wa chuo anaweza kuhesabu hayo kwa kalamu.

Lakini kwenye darasa nyingi mfano ni ule ule: kiwanda kinatengeneza meza na viti, tafuta faida kubwa. Mwanafunzi anakariri, anapita mtihani, anasahau. Akibahatika, atapanga malori ya shaba ya kwenda Kasumbalesa. Sikatai, mji wetu umekula shaba tangu zamani. Ninachouliza ni kwa nini hesabu hiyo ipande lori kila siku na isishuke hata mara moja kwenye avenyu zetu.

Ninyi wenye kupanga mstari wa msaada, sikilizeni hii. Mwaka 1945 Mmarekani George Stigler alitafuta chakula cha bei ya chini kabisa chenye kumtosha mtu. Kati ya vyakula 77, alifikia dola 39.93 kwa mwaka mzima, kwa bei za 1939. Ndani mlikuwa unga wa ngano, kabichi na maharagi makavu. Mwaka 1947 njia mpya ya George Dantzig ikajaribiwa kwa swali lile lile. Makarani walitumia mashine za kuzungusha kwa mkono. Ingekuwa mtu mmoja, angefanya siku 120. Jibu likawa dola 39.69. Kwa hiyo anayesema bila kompyuta somo hili halifundishiki, ananidanganya.

Baadaye Dantzig alitaka kupunguza uzito, akaiuliza kompyuta ale nini. Ikamwambia ale kube 200 za supu kila siku! Alichemsha chache kwa maji, akatema: ni chumvi tupu. Mashine haikukosea hesabu. Hakuna aliyeiambia kwamba chumvi ina mpaka wake.

Hapo ndipo nasimama mimi. Maharagi makavu ni bei nafuu kwenye karatasi, lakini yanakula makala nusu siku. Unga bila chombo cha kuubeba, bila kuni, si bukari bado. Mama aliyelala chini ya sheeting anajua mipaka hiyo. Mwenye kupanga msaada akiwa mbali hawezi kuijua asipomuuliza. Shirika PAM lilipata tuzo ya Franz Edelman mwaka 2021 kwa hesabu za namna hii, za kuchagua chakula na njia ya kukipeleka. Basi si mchezo wa shule. Lakini hesabu nzuri yenye swali pungufu inaweza kuwapa watu kube 200.

Walimu wa chuo hapa Likasi, nawaomba: mwaka huu mazoezi mawili tu yatoke Panda, na mwanafunzi akahesabu mwenyewe mahali penyewe. Nanyi wakimbizi, watoto wenu wenye diplome wasikatazwe somo hili eti ni la matajiri. Wao wameishi ndani ya swali.

Papa alinisikiliza, akaondoka bila kusema kitu. Jumamosi, saa kumi na moja asubuhi, nikamkuta kijana wake kwenye robineti, saa mkononi, anaandika. Mama mmoja alimuuliza kama ni mtu wa kodi. Akajibu hapana, mama, nahesabu bidoni. Basi yule mama akamwambia aandike pia kwamba maji yamechelewa.