Jamhuri Imeshinda, Aliyekatwa Panga Bado Anadaiwa

Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria, Dodoma

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu watu ambao kwenye jalada la kesi tunawaita mashahidi. Kesi ya jinai nchini mwetu huandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyebakwa, aliyevunjiwa duka na kukatwa mapanga, mjane wa aliyepigwa risasi na majambazi, wote hao hawana kesi. Wana ushahidi wa kutoa katika kesi ya Jamhuri. Sababu yake naielewa na naiunga mkono: uhalifu unatuumiza sote, na mnyonge hawezi kuachiwa amshtaki mwenyewe mtu aliyekwisha kumwonea. Lakini Jamhuri ikishinda na mfungwa akapandishwa karandinga, shahidi huyo anarudi kwake na jeraha lake, na Tanzania nzima hakuna mfuko wa Serikali anaoweza kuupelekea madai.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Niruhusu nikueleze kesi ya aina tunayoizoea sana.

Kijana wa bodaboda anapakia abiria usiku. Wanapofika penye giza abiria anamkata panga la mkono, wenzake wanatokea vichakani, pikipiki inaondoka. Pikipiki si yake. Ni ya mkataba, na bosi anasubiri hesabu yake kama kawaida. Kijana analazwa, anashonwa, anatoka na deni la hospitali juu ya deni la bosi, na mkono haushiki klachi tena. Polisi wakifanya kazi nzuri, na mara nyingine wanaifanya kweli kweli, watuhumiwa wanakamatwa na pikipiki inapatikana. Lakini sasa pikipiki ni kielelezo. Itakaa uani kwenye kituo, jua lake mvua yake, mpaka shauri liishe. Ukipita vituo vingi vya polisi utaziona zimejipanga, nyingine nyasi zimeota katikati ya tairi. Hatimaye hukumu inasomwa: miaka 30 kila mmoja, kama sheria inavyoagiza kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Huenda hakimu akaamuru na fidia. Atailipa nani? Anayeanza kutumikia miaka 30, ambaye nyumbani ameacha chumba cha kupanga na godoro?

Sisemi kwamba sheria imenyamaza. Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zitoe fidia ipasayo kwa walioathirika kwa makosa ya watu wengine, kwa mujibu wa sheria mahsusi iliyotungwa na Bunge. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa hakimu uwezo wa kuamuru fidia. Kanuni ya Adhabu inakwenda mbali zaidi kwenye ubakaji, kwa kuagiza kwamba pamoja na kifungo kisichopungua miaka 30, mkosaji aamriwe kumlipa aliyemtendea. Tatizo ni kwamba njia zote hizo zinaishia kwenye mfuko wa mtu mmoja, yaani mhalifu, na mfuko huo kwa kawaida ni mtupu. Na hapo tumefikiria kwamba mhalifu amekamatwa. Asipojulikana, au akifa akiwa mahabusu, au akiachiwa kwa sababu hati ya mashtaka ilikosewa, aliyeumizwa hapati hata ile amri ya kwenye karatasi, ijapokuwa mkono wake umekatika vilevile.

Mheshimiwa, wapo watakaokuambia kwamba Serikali haiwezi kubeba fidia ya kila aliyepigwa. Naomba uwajibu kwa mfano ulio ndani ya Serikali yenyewe. Majambazi wanavamia kibanda cha wakala wa miamala ya simu. Nje yuko mlinzi wa kampuni, ndani yuko mama mwenye kibanda. Wanakatwa na panga moja, usiku mmoja, na mtu mmoja. Mlinzi ameajiriwa na ameumia kazini, kwa hiyo analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi mwaka 2015. Atatibiwa. Atalipwa kwa muda asioweza kufanya kazi. Akibaki na ulemavu wa kudumu analipwa, anasaidiwa kurudi kwenye shughuli, na akifariki wategemezi wake wanapata pensheni. Yule mama amejiajiri. Yeye atauza kiwanja, kama anacho, au ndugu watachangishana kwenye kikundi cha WhatsApp. Nchi hii inajua namna ya kuanzisha mfuko wa fidia, kupima ulemavu, kukagua madai na kulipa wategemezi. Ujuzi huo tunao, na umetufaa. Kilichobaki ni kuamua kwamba na yule mama naye anastahili.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote, na ambalo naona viongozi wetu wanalisema kwa upande mmoja tu. Kila mwaka tunasikia wazazi wakikemewa kwa kuyamaliza kifamilia mashauri ya watoto wao waliobakwa au kulawitiwa. Mtoto ameumizwa, kesi imefunguliwa, kisha siku ya ushahidi mama haonekani, mtoto amepelekwa kijiji kingine, na mwendesha mashtaka anabaki na jalada lisilo na shahidi. Na bila mtoto huyo hakuna kesi, kwa maana Mahakama yetu ya Rufani imeshikilia kwa miaka mingi kwamba ushahidi ulio bora katika kosa la ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe. Basi tunawalaumu wazazi, na wengine wanastahili lawama, hasa wanaopokea fedha na kuinunulia bati nyumba huku mtoto akilia chumbani. Siwatetei hao.

Lakini nimekaa na akina mama wa namna nyingine. Mama anayeuza mboga, baba wa mtoto hayupo, mtuhumiwa ni shemeji au mwenye nyumba. Mtoto anahitaji kurudi hospitali mara kadhaa, na kila safari ni nauli ya watu wawili na siku moja bila biashara. Mahakamani shauri linaahirishwa: leo hakimu ana semina, kesho jalada halijafika, keshokutwa shahidi wa Jamhuri, daktari, amehamishwa. Posho ya shahidi imeandikwa kwenye sheria, lakini anayeipata mkononi ni wa bahati. Wakati huo huo ukoo wa mtuhumiwa umefika mlangoni na wazee, na mkononi wana fedha za matibabu, za leo hii. Sheria inamwahidi mama huyo kifungo cha miaka 30 kwa mkosaji na haimpi shilingi ya dawa. Ukoo unampa shilingi ya dawa kwa sharti la kunyamaza. Anayetaka kesi hizi zisimame inabidi aliondoe sharti hilo, na njia ya kuliondoa ni kuhakikisha fedha ya dawa na ya nauli inatoka kwa Jamhuri, ambayo ndiyo mwenye kesi, tangu siku ya kwanza, bila kusubiri hukumu.

Najua yamefanyika mengi na sitaki kuyapuuza. Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi limebadilisha maisha ya watu. Nawakumbuka wazi askari wa kike ambao walimpa mtoto kiti na chai kabla ya kumwuliza lolote. Namba 116 ya kupokea taarifa za watoto inapokelewa. Vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ofisa ustawi wa jamii wanakutana chini ya paa moja, vimewaepusha wengi na adha ya kusimulia tukio lile lile kwa watu wanne katika majengo manne. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozinduliwa mwaka 2023 chini ya wizara yako, imefika vijijini ambako wakili hajawahi kukanyaga. Hata hivyo huduma hizi nyingi zimejengwa kwa ajili ya waathirika wa ukatili wa kijinsia, na hiyo ni haki yao. Mwenye duka aliyepigwa nondo hana dawati. Mjane wa mlinzi wa jadi hana kituo.

Na hata walio na dawati, PF3 bado inawatesa. Fomu ile ni ya kumsaidia daktari aandike alichokiona ili mahakama ikitumie. Imegeuka kizuizi cha kuingilia hospitali: nenda polisi kwanza, rudi na fomu. Aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na kila saa inayopotea inapunguza nguvu ya dawa. Anayeishi kilomita 30 kutoka kituo cha polisi, akafika jioni, akaambiwa mwenye fomu ametoka, hana saa 72 tena. Tamko la mdomo halitoshi hapa. Iandikwe kwenye sheria kwamba majeruhi anatibiwa kwanza na kwamba PF3 inajazwa hospitalini, polisi wamfuate huko.

Yapo majeraha yasiyoisha na hukumu. Miongoni mwa watoto wenye ualbino waliokatwa mikono na wahalifu, baadhi walipelekwa New York mwaka 2015 na shirika la hisani la huko, wakawekewa viungo bandia. Ilibidi warudi miaka miwili baadaye, kwa sababu mtoto anakua na kiungo bandia hakikui. Nawashukuru waliowasaidia. Lakini mtoto wa Tanzania, aliyekatwa mkono ndani ya Tanzania na mhalifu ambaye Serikali ya Tanzania ilishindwa kumzuia, asingepaswa kutegemea huruma ya watu wa bara jingine ili avae mkono unaomtosha. Mkono ule utabadilishwa mara kadhaa kabla hajawa mtu mzima. Gharama hiyo ingeingia kwenye mfuko ninaouombea, kila mara inapohitajika, bila mtoto kupigwa picha za kuomba msaada.

Fedha zitoke wapi? Marekani, kwa sheria ya mwaka 1984, ina mfuko wa waathirika wa uhalifu unaotunishwa kwa faini na adhabu wanazolipa wahalifu, si kwa kodi ya mwananchi. Majirani zetu Kenya waliagizwa na Katiba yao ya mwaka 2010 kutunga sheria ya waathirika, wakaitunga mwaka 2014, na ndani yake wakaweka mfuko na bodi. Sisi tuna faini za mahakamani, ambazo leo zinakwenda Hazina hata pale ambapo aliyeumia kwa kosa hilo amekaa benchi la nyuma akisikiliza. Tuna mali zinazotaifishwa kutokana na uhalifu. Tuna makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingizwa katika sheria mwaka 2019. Mwaka huo huo Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kwamba watuhumiwa 467 wa uhujumu uchumi walikuwa tayari kurejesha zaidi ya shilingi bilioni 107. Nililifurahia tangazo lile, na lilinifikirisha pia. Serikali inapokuwa ndiyo iliyoibiwa, inajua kudai kilicho chake na kukisubiri kilipwe. Anapoibiwa mama wa kibanda, tunamwambia aridhike kwamba mwizi amefungwa.

Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake ya haki jinai Julai 2023. Mengi tuliyoyasikia yakijadiliwa tangu hapo ni ya watuhumiwa: ukamataji, dhamana, msongamano wa mahabusu. Ni mambo ya msingi na nayaunga mkono, kwa kuwa anayefungwa bila hatia naye ni mtu aliyeumizwa. Sasa ni zamu ya upande wa pili wa jalada.

Ninachokuomba, Mheshimiwa, ni muswada wa sheria ya waathirika wa uhalifu, wenye mfuko ndani yake, ambao malipo yake ya dharura ya matibabu na nauli hayasubiri mtu kutiwa hatiani. Najua muswada una safari ndefu. Yapo ya kufanya kabla yake ambayo hayana gharama kubwa. Vielelezo ambavyo ni chombo cha kazi cha mtu, kama pikipiki, cherehani au simu ya wakala, vipigwe picha, viandikwe kumbukumbu mbele ya hakimu, mwenyewe akabidhiwe kwa dhamana. Na aliyeumizwa apewe taarifa za shauri lake. Mfungwa akikata rufaa, wanaoitwa ni yeye na Jamhuri. Wengi tunaowahudumia walijua kwamba rufaa imeshinda siku walipomkuta mtu yule sokoni akichagua nyanya. Mahakama sasa ina mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, na namba ya simu ya shahidi imo kwenye jalada. Ujumbe mfupi wa simu ungemwezesha mama kujiandaa, au kuhama, au walau kumshika mtoto mkono siku hiyo.

Bajeti ya wizara yako itasomwa bungeni kama kila mwaka. Tutakaa kwenye redio, mimi na hao ninaowaandikia barua za madai yasiyo na pa kupelekwa, tusikilize kama fungu lao limetajwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msaidizi wa kisheria,
Morogoro