Projekta ya kibanda umiza: hesabu ya msimu itangulie

KATIKA karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, ilibeba zaidi bidhaa za aina tatu: vitambaa, shanga na waya wa shaba. Mfanyabiashara aliyekosea katika shanga alijuta. Kila nchi ya bara ilikuwa na rangi na aina yake iliyopendwa, na mapenzi hayo yalibadilika miaka ilivyopita. Aliyefika Unyanyembe na shanga zisizotakiwa alikuta mtaji wake umegeuka mzigo mtupu, huku ujira wa wapagazi ukiwa palepale.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Siku hizi mzigo unaofika Tabora kwa treni au basi unaweza kuwa boksi la projekta. Anayelisubiri ni mkulima wa tumbaku wa Urambo au Kaliua aliyekwisha kupokea malipo yake, au mwenye duka la Nzega au Sikonge anayetaka kupanua kibanda umiza. Nia ni moja: kuunganisha king'amuzi au kebo na projekta, ili mpira uonekane ukutani kwa picha za HD na watu walipe kiingilio.

Wazo hilo si baya. Tabora United ilipoingia Ligi Kuu msimu wa 2023/2024, mkoa ulipata sababu ya ziada ya kukaa mbele ya kioo. Tatizo ni kwamba wengi hununua projekta kwanza, halafu ndipo waulize itaunganishwa na nini na italipwa na nani. Fedha inayopotea hapo ni ya mbolea na ya ada za watoto.

Picha hufuata kifaa dhaifu

Msafara wa zamani ulikwenda kwa mwendo wa mpagazi aliyechoka kuliko wote. Picha nayo ni hivyo hivyo. Ili HD ifike ukutani, lazima mambo manne yakubaliane: chaneli iwe ya HD, king'amuzi kiwe cha HD, waya uwe wa kubeba HD, na projekta yenyewe iwe na uwezo huo. Kimoja kikipungua, vitatu vilivyobaki vimenunuliwa bure.

Mtego mkubwa uko kwenye boksi la projekta. Picha ya HD kamili ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani zaidi ya milioni mbili. Projekta nyingi za bei nafuu huandikwa kuwa zinakubali 1080, na maandishi hayo si ya uongo: zinaipokea kweli. Lakini nyingine zina pikseli 800 kwa 480 tu za kuionyesha, ambazo ni 384,000. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya tano ya picha iliyolipiwa kwenye kifurushi. Mnunuzi asiulize projekta inapokea nini. Aulize uwezo wake halisi wa kuonyesha ni pikseli ngapi, na jibu aandikiwe kwenye risiti.

Waya nao una tabia zake. Ule wa vichwa vitatu, njano, nyekundu na nyeupe, hubeba picha ya kawaida tu, hata kama king'amuzi ni cha HD. Ukiunganishwa huo, mwenye kibanda atalipia HD kila mwezi na wateja wasiione hata siku moja. Waya unaofaa ni wa HDMI, ambao hubeba picha na sauti pamoja. Hata hivyo, HDMI ya kawaida ikivuka mita 10 hadi 15 picha huanza kukatika au kupotea kabisa. Kwa hiyo king'amuzi kikae karibu na projekta, na waya mrefu uwe ule wa antena au dishi, ambao umetengenezwa kwa kazi hiyo.

Wapo wanaonunua projekta ya mitumba ya ofisini yenye tundu la VGA pekee, wakitegemea kigeuzi kidogo cha kuiunganisha na king'amuzi. Hapo hukutana na ulinzi wa hakimiliki uliomo ndani ya HDMI, unaojulikana kwa herufi HDCP. King'amuzi kikikuta kifaa kisichotambua ulinzi huo, kinaweza kutoa giza au ujumbe wa kukataa. Mteja hudhani ameuziwa kifaa kibovu, kumbe vifaa vyote ni vizima ila havikubaliani. Dawa ni kwenda dukani na king'amuzi chenyewe na kuviwasha pamoja kabla ya kutoa fedha.

Sauti isisahaulike. Spika ya projekta ni ndogo, haitoshi banda la watu 40. Sauti itolewe kwenye king'amuzi kwa matundu mekundu na meupe, iende kwenye amplifaya. Aidha, projekta hushindwa na mwanga. Mechi nyingi za Jumamosi huanza kabla ya giza kuingia kwa saa za Tanzania, na banda lenye matundu ukutani na dirisha lisilo na pazia litaonyesha vivuli vinavyokimbia. Gharama ya kuziba mwanga, na ya kuingiza hewa baada ya kuuziba, ni sehemu ya bei ya projekta.

Tena kuna umeme. Projekta ya balbu huhitaji feni yake iendelee kuzunguka kwa muda baada ya kuzimwa ili balbu ipoe. Umeme ukikatika ghafla, feni husimama balbu ikiwa ya moto, na maisha yake hupungua. Kifaa cha kuhifadhi umeme kwa dakika chache ni kinga ya balbu ambayo bei yake si ndogo.

Kalenda mbili zisizokutana

Yote hayo yakikamilika, linabaki swali zito zaidi: mteja wa Tabora ana fedha lini?

Mvua za Tabora huanza karibu na Novemba na kuisha Aprili. Miezi hiyo mkulima yuko shambani, na fedha yake iko ardhini. Fedha huonekana baada ya mauzo ya tumbaku, katikati ya mwaka, na mara nyingine malipo huchelewa. Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo ndiyo mvuto mkubwa wa vibanda, huanza Agosti na kumalizika Mei. Maana yake ni kwamba ligi hupamba moto wakati mifuko imekauka, na hupumzika Juni na Julai wakati mifuko imeanza kujaa. Kalenda hizi mbili hukutana kwa miezi michache tu.

Uchukuliwe mfano wa kubuni. Mtu anatumia Sh 2,000,000 kwa projekta, king'amuzi, amplifaya, spika, waya na mapazia. Gharama za kila mwezi, yaani kifurushi, umeme, pango, mlinzi na akiba ya balbu, ni Sh 140,000. Anaonyesha mechi 10 kwa mwezi kwa kiingilio cha Sh 500. Wakiingia watu 40 kila mechi, anapata Sh 200,000, na baada ya gharama anabaki na Sh 60,000. Akiishia hapo, ataona mtaji utarudi kwa muda usiofika miaka mitatu.

Lakini Novemba hadi Machi watu wakipungua hadi 20, mapato yanakuwa Sh 100,000 na hasara ni Sh 40,000 kila mwezi. Kwa miezi mitano hiyo ni Sh 200,000. Miezi mitano mizuri, Agosti hadi Oktoba pamoja na Aprili na Mei, inamletea Sh 300,000. Juni na Julai, kwa sinema peke yake, akijitahidi atatoka sare. Mwisho wa mwaka amebaki na Sh 100,000. Kwa mwendo huo mtaji utahitaji miaka 20 kurudi, na hakuna projekta ya kuishi miaka hiyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuifuata fedha ilipo

Sifa kubwa ya projekta kuliko televisheni si ukubwa wa picha. Ni kwamba hubebeka. Mwenye projekta anayeifungia kwenye banda moja mwaka mzima anaitumia kama televisheni ya bei ghali. Juni hadi Agosti, msimu wa mavuno na harusi, ndipo inapoweza kukodishwa kwa sherehe, kwa mikutano ya vyama vya ushirika vya msingi, na kwa mafunzo ya wakulima. Siku za mnada inaweza kuonyesha sinema usiku pale watu walipouza ng'ombe na mazao. Wanyamwezi walijenga jina lao katika biashara kwa kuifuata bidhaa na soko hadi pwani. Hawakungoja soko liwafuate.

Kwa anayeanza, televisheni ya kawaida na watazamaji 15 ni shule ya bei nafuu. Daftari la miezi 12 litamwambia kama banda lina wateja wa kutosha kudai ukuta mzima. Ikiwa lina wateja, watu watatu wakichangia projekta moja na kuipangia zamu, hasara ya miezi ya mvua haitamwangukia mmoja.

Jambo la mwisho ni kibali. Kifurushi cha nyumbani ni cha nyumbani, na kampuni za matangazo zina vifurushi tofauti kwa maeneo ya biashara. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 zinagusa maonyesho ya hadhara. Anayetoza kiingilio bila leseni anaweza kupoteza vifaa vyote kwa jioni moja. Gharama ya leseni na ya kifurushi halali iingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Ikiwa hesabu haiwezi kuibeba, basi biashara hiyo haikuwa na faida tangu awali.

Mkulima anayepokea malipo ya tumbaku mwaka huu hana sababu ya kuikimbia projekta. Ana sababu ya kuingoja wiki mbili: wiki moja ya kwenda dukani na king'amuzi mkononi, na nyingine ya kukaa na kalenda ya mvua upande mmoja na ya ligi upande wa pili. Mbolea ya msimu ujao iwekwe kando kwanza. Kitakachobaki ndicho mtaji wa kibanda.