Jioni ya Ifakara na Fedha ya Mtalii

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, humvuta mgeni kwa maporomoko ya Sanje yenye urefu wa mita 170. Hata hivyo, maporomoko hutazamwa mchana, ilhali mji huvuna jioni. Zanzibar inalijua hilo: Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, hukusanya wenyeji na wageni kila magharibi kwa urojo na pweza. Bonde la Kilombero lina wali, samaki wa mtoni na, tangu 2018, Daraja la Magufuli. Kilichobaki ni mipango miji kutenga viwanja vya mapumziko Ifakara, na hata Chita iliyo kwenye ukanda wa reli ya TAZARA, kabla nyumba na mashamba havijaimaliza ardhi. Mama lishe wa hapo wakiwa wa kwanza kugawiwa vizimba.