Kaa Jikoni na Bibi, Uandike Kababu Zake

Ndugu msomaji, nina ombi, na si la fedha. Kama una bibi anayejua kupika kababu, au mama mkubwa, au shangazi, au jirani ambaye kila penye shughuli mtaani huitwa jikoni, nenda ukakae naye siku moja akipika. Nenda na kalamu. Uliza, pima, andika, kisha rudi kwako upike mwenyewe. Ombi ndilo hilo. Yanayofuata ni sababu zangu pamoja na mapishi yenyewe, asije mtu akasema nimemtuma mikono mitupu.

Nazungumzia kababu za nyumbani za Unguja: vile vidonge vya nyama ya kusaga, vya ukubwa wa ndimu, vinavyokaangwa vikaliwa na chai ya jioni, vikatiwa kwenye urojo, au vikaishia kwenye mchuzi wa nazi penye wali. Mombasa, Lamu na Tanga wanazo za kwao, na familia za Kizanzibari zilizohamia Muscat baada ya 1964 zilikwenda nazo. Kila nyumba ina mkono wake. Huyu anatia nanaa, yule hataki kuisikia, wa tatu haoni kababu bila dengu zilizochemshwa zikapondwa. Wote watakuapia kuwa za kwao ndizo.

Uhodari wa chakula hiki utauona siku mfuko umelegea. Nusu kilo ya nyama ukiikata vipande ukaitia mchuzini, katika nyumba ya watu wanane mtabaki kuangaliana. Isage, uichanganye na mkate wa boflo uliolala, vitunguu na yai, utatoa kababu thelathini hivi. Kila mtu atakula tatu, na za mgeni zitabaki chini ya kawa. Wapo wanaobeza, wanasema kababu ya mkate ni kuwadanganya walaji. Nadhani hao hawajaila kababu ya nyama tupu iliyokwisha poa: ngumu, kavu, unaitafuna mpaka taya zinachoka. Mkate uliolowekwa huyashika maji na mafuta ya nyama ndani ya kidonge, nyama isijikaze motoni. Uliingia jikoni kwa sababu ya uhaba, lakini hata penye harusi ya mwenye nacho hautolewi.

Haya, tupike. Mwenye bucha mwambie hutaki steki. Unataka nyama ya ng'ombe yenye mafuta kidogo, nusu kilo, isagwe mara mbili. Chukua vipande vinne vya mkate wa boflo wa jana, uloweke maji, uukamue kwa kiganja mpaka usitoe hata tone. Vitunguu maji viwili vikatwe vidogo sana, vitiwe chumvi kidogo, navyo vikamuliwe, maana maji ya kitunguu ndiyo adui mkubwa wa kababu. Thomu na tangawizi, vikishatwangwa pamoja, vijae kijiko kimoja cha chakula. Pilipili mbichi mbili, fungu dogo la kotmiri, kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyokaangwa kavu ikatwangwa papo hapo, pilipili manga kidogo, nusu ya ndimu, yai moja. Chumvi kijiko kidogo cha chai, kisha utaongeza ukishaonja.

Kazi yenyewe iko kwenye kukanda, na hapo ndipo vijana wengi wanapokimbilia mbele. Nyama ya kusaga ikishatiwa chumvi ikakandwa vizuri hubadilika. Mwanzoni inamomonyoka kati ya vidole, baadaye inaanza kunata, na ukiinua mkono inakuja nayo, imeacha utando kwenye kiganja. Ikifika hapo inajishika yenyewe, hakuna haja ya kuiongezea unga. Ukiacha kabla, kababu itafumuka kwenye karai na utabaki ukivua vipande kwa upawa.

Bibi yangu alikuwa na bakuli la maji pembeni. Analowesha viganja, anachota donge, analivingirisha mara mbili tatu, analiweka kwenye sinia, na muda wote macho yako mlangoni anaangalia nani kaingia na nani katoka. Hakuwa akitazama mikono, na vidonge vyote vilitoka sawa. Mafuta yakipata moto alikuwa akitia kimoja peke yake, cha kuonjea chumvi. Kile cha kuonjea alipewa mtoto aliyekuwa karibu, ndiyo maana jiko lake halikukosa watoto.

Moto uwe wa kadiri. Mkali sana utaunguza nje ndani kubichi, na nyama ya kusaga haifai kuliwa ikiwa na wekundu ndani, kwa kuwa mashine imekwisha kuchanganya sehemu ya nje ya nyama, yenye vijidudu, na ile ya ndani. Kata moja katikati uangalie.

Ukitaka za mchuzi, zikaange nusu tu. Kwenye sufuria nyingine kaanga kitunguu, tia tungule, thomu, bizari ya mchuzi na tui jepesi, acha vichemke mpaka tungule ziive kabisa. Panga kababu ndani, zikiiva tia kasimile. Kuanzia hapo mwiko uweke chini. Shika sufuria kwa masikio yake uitikise taratibu, maana ukikoroga utazivunja, na moto ukiwa mkubwa tui litakatika. Ndimu ya mwisho, au embe bichi likiwa msimu wake, na wali mweupe.

Sasa turudi kwenye kalamu. Bibi ukimuuliza chumvi kiasi gani, atakujibu "kadiri". Thomu je? "Si nyingi." Usikate tamaa wala usimkatize. Omba kila kitu akiweke kwanza kwenye kisahani, wewe upime kwa kijiko chako, ndipo akitie. Kama una mzani mdogo wa jikoni, pima bakuli la nyama kabla na baada. Andika pia yale asiyoyaona kuwa ni mapishi: mkate ulilala siku ngapi, alijuaje kuwa mafuta yamepata moto, na siku mayai yalipopanda bei alitumia nini badala yake. Simu ipige picha na irekodi sauti, ni sawa, lakini simu huanguka baharini na kuibiwa daladalani. Daftari lenye madoa ya mafuta hakuna mwizi anayelitaka.

Nasisitiza kuandika kwa sababu mapishi yaliyoandikwa yamekwisha kuonyesha nguvu zake. Mwaka 1226 mtu mmoja wa Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi, aliandika kitabu cha mapishi kiitwacho Kitab al-Tabikh, na ndani yake mna michuzi kadhaa inayotiwa vidonge vya nyama ya kupondwa. Kilichapishwa Mosul mwaka 1934, na leo mtu yeyote anaweza kupika alivyokuwa akipika yeye. Wakati wake walikuwapo wapishi wengi wengine, na wala sidhani kama yeye alikuwa hodari kuliko wote. Aliandika tu.

Walimu nao wana nafasi yao hapa. Kenya, watoto wa shule katika jamii za Waisukha na Wapokot walishirikishwa kukusanya vyakula vya asili vya kwao, wakauliza wazee na kuandika majina, matayarisho na desturi za kula. Kazi ile, pamoja na juhudi nyingine za nchi hiyo za kuvikuza vyakula vya asili, UNESCO iliiweka mwaka 2021 katika orodha yake ya mifano mizuri ya kuhifadhi urithi. Hawakuhitaji maabara. Mwalimu wa Kiswahili anayesoma haya, badala ya insha nyingine ya "Siku Nisiyoisahau", watume wanafunzi wako wakaandike chakula kimoja cha bibi, kwa vipimo, kwa maneno ya bibi mwenyewe. Utapata Kiswahili cha jikoni ambacho vitabu vya kiada havina, na darasa likimaliza mwaka litakuwa na kitabu.

Na tafadhali, wavulana wasiachwe nje. Tunawaambia jikoni ni kwa dada zao, halafu jioni tunakwenda Forodhani na kulipa fedha zetu kwa wanaume waliovaa aproni. Kijana anayekwenda kupanga chumba Dar es Salaam au kusoma ng'ambo atahitaji kababu kuliko anavyohitaji mawaidha yetu.

Zamani, hasa jioni za Ramadhani, sahani zilikuwa zikivuka uchochoro kabla ya adhana ya magharibi, zimefunikwa, mtoto kaambiwa asikimbie. Na sahani haikurudishwa tupu; kama hakuna kitu, ilirudi hata na tende. Bado yako majumba yanayofanya hivyo, ila kwenye nyumba zetu za ghorofa mtu anakaa mwaka mzima hajui jina la mlango wa pili. Kababu thelathini ni nyingi kwa familia ndogo ya siku hizi. Toa sita, weka kwenye sahani, gonga mlango. Mwambie jirani ni za bibi yako, na umuulize za kwao hutiwa nini. Ni mazungumzo ambayo hata mtu asiye na maneno huyaweza, na huenda ukarudi na ukurasa wa pili wa daftari lako.

Kwa yule ambaye bibi yake ametangulia mbele ya haki, njia haijafungwa. Yuko dada yake, yuko mke wa mjomba aliyefundishwa naye, wako waliokuwa wakipika naye shughulini. Kila mmoja ana kipande. Pika ulicho nacho, wapelekee waonje, nao watakuambia wenyewe kilichopungua. Wazee wetu hawana haya kwenye jambo hilo.

Basi Jumamosi hii, nusu kilo ya nyama na mkate wa jana. Mpigie simu bibi leo, umwambie unakuja, na umwombe asianze kukanda mpaka ufike.