Usilaumu Injini Kabla ya Kuangalia Mauntingi



Wengi wenu mnalijua gari langu, ile Peugeot 504 ya marehemu baba ambayo huegeshwa kando ya tangi la maji kila Jumapili. Vijana wa kanisa huiita "Babu". Ni sawa, lakini mjue Babu ni wa ukoo ulioshinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Mpeni heshima zake.

Kuna wakati Babu alianza kutetemeka. Nikisimama kwenye mataa, usukani unatikisika na kioo cha ndani kinacheza hadi siwaoni walio nyuma. Nikiachilia klachi niondoke, nasikia "ko!" chini ya miguu. Unajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Usicheke mpendwa, hata wewe unayo redio yako.

Fundi wa kwanza aliniambia injini imekwisha, tuifungue yote. Bei aliyonitajia karibu initoe machozi. Wa pili, mzee mmoja mtulivu, hakushika hata spana. Alifungua boneti, akaniambia niketi ndani, nivute handibreki, nikanyage breki, niweke gia ya kwanza na kuachilia klachi kidogo tu, kisha nijaribu rivasi. Yeye akasimama kando, si mbele ya gari, akatazama. Injini iliinuka upande mmoja kama mtu anayejaribu kutoka kitandani.

"Mchungaji," akasema, "injini yako ni nzima. Zinazoibeba ndizo zimechoka."

Kwa asiyezijua, mauntingi ni raba zilizogandishwa kwenye vyuma, zinazoshikilia injini kushoto na kulia. Hubeba uzito wake na kumeza mtikisiko wake usifike kwenye bodi na kwa abiria. Raba huzeeka kwa joto na kwa miaka, ila oili ikidondoka juu yake huimaliza upesi. Zangu zilikuwa zimevimba na kulainika kama mandazi yaliyochovywa kwenye chai.

Kijana mmoja pale karakana alitoa shauri: "Tuchomelee chuma kabisa, haitasumbua tena." Mzee akakataa. Chuma kitashika, akasema, lakini hakimezi kitu. Mtikisiko wote utaingia kwenye bodi, bolti zitalegea na ekzosi itapasuka. Raba iliwekwa pale kwa sababu inanyumbuka.

Kwanza alizuia oili iliyokuwa ikivuja. Kisha akaweka ubao juu ya jeki, ili uzito usambae na sampu isibonyee, akainua injini polepole huku akiangalia feni isiguse rejeta na mipira isivutike. Alibadilisha zote mbili, maana mpya ikifanya kazi na iliyochoka, mpya ndiyo itakayobeba adhabu. Bolti alizishika kwa mkono tu, akashusha injini ikakaa mahali pake, ndipo akazikaza.

Sasa niruhusuni niseme ninaloamini, hata kama halitampendeza kila mtu. Makanisa yetu hukimbilia kufungua injini wakati waliochoka ni wabebaji.

Kuna mama mmoja kwetu, na ameniruhusu nisimulie haya. Kwa miaka mingi ndiye aliyepanga viti, akapika chai ya wageni, akaenda matangani kabla yangu. Wawili wakikosana, walimpelekea yeye. Mwaka jana kanisa likaanza kutikisika. Wanakwaya wanagombana, wahudumu wa mlangoni hawaongeleshani. Mimi nikahubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya roho ya mafarakano! Mama Mchungaji ndiye aliyeniuliza jioni moja, "Baba, ni lini mara ya mwisho ulimtembelea yule mama?"

Sikuwa na jibu. Nilipoenda nilikuta amemuuguza mumewe miezi minane, na hakuna aliyejua. Sisi tuliendelea kumdondoshea shida zetu kama oili, tukishangaa mbona siku hizi hatabasamu. Nilimwomba msamaha pale pale sebuleni kwake.

Soma Kutoka 17. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito, hakuna aliyemkemea kwamba imani yake imepungua. Walimwekea jiwe aketi, na Haruni na Huri wakaishikilia mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule, hadi jua likatua. Tunamhubiri sana Musa. Hawa wawili huwa tunawapita mbio, na hakuna anayeuliza kama mikono yao nayo iliuma.

Kwa hivyo mpendwa, mtu akichoka usimwambie "jikaze mtumishi." Huko ni kuchomelea chuma. Ziba kwanza kinachomvujia: kama ni deni, kama ni ugonjwa, kama ni simu zenu za saa sita usiku. Mwekee ubao chini unapomwinua, usimwumize ukidhani unamsaidia. Na usimpe msaidizi mmoja mpya huku mzigo ukibaki vilevile. Yule mama tulimpa mapumziko ya kweli, na akina mama wawili wakachukua jikoni. Alirudi kwa wakati wake mwenyewe.

Nyumbani kwako ni nani anayemeza mtikisiko ili wengine wasafiri kwa raha? Huenda ni mke wako. Huenda ni kifungua mimba wenu anayelipa karo za wadogo zake na hasemi neno. Mpigie leo, na usimtumie kikatuni cha mikono iliyokunjwa. Muulize swali moja, kisha unyamaze usikilize.

Na kama aliyechoka ni wewe, sema. Mungu hakukuumba chuma.

Tuonane Jumapili saa tatu. Babu atakuwa kando ya tangi, ametulia.

Mungu akubariki. Amina.