Kati ya Lazima na Yapasa: Maelezo ya Vifurushi katika Mfumo wa Debian

Mradi wa Debian, ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, ni miongoni mwa miradi mikongwe ya programu huria. Mfumo wake wa kuendeshea kompyuta huundwa kwa makumi ya maelfu ya vifurushi vinavyotunzwa na watu wa kujitolea, waliotawanyika katika nchi nyingi. Kazi yao huongozwa na hati moja, Mwongozo wa Sera, inayoeleza jinsi kila kifurushi kinavyotakiwa kuundwa. Uzito wa kanuni zake hutegemea ngazi za maneno, zikiwamo lazima, yapasa na yaweza. Kifurushi kinachovunja sharti la lazima huhesabiwa kuwa na kasoro kubwa, na hakistahili kuingizwa katika toleo rasmi. Kinachopuuza lililowekwa chini ya yapasa huandikiwa kasoro ndogo zaidi, na safari yake huendelea.

Mgawanyo huo, ukitazamwa kwa upande wa maelezo, unatafakarisha. Ni lazima kila kifurushi kiwe na faili la hakimiliki na masharti ya leseni. Lakini ukurasa wa mwongozo, yaani maelezo ya namna ya kuitumia programu yenyewe, umewekwa chini ya yapasa. Ni kweli kwamba leseni humlinda pia mtumiaji, kwa kuwa ndiyo inayompa uhuru wa kutumia, kuchunguza na kusambaza programu. Hata hivyo, uhuru wa kutumia chombo ambacho mtu hajui kukitumia ni uhuru wa jina tu.

Watetezi wa utaratibu uliopo wana hoja nzito. Watunzaji hawalipwi na mradi, na wengi wao si watunzi wa programu wanazozitunza. Kuwashurutisha kungeweza kuziondoa katika mfumo programu nyingi zenye manufaa. Aidha, shuruti huzaa maandishi matupu. Historia ya Debian yenyewe ni shahidi: ilikuwapo desturi ya kuzielekeza amri zisizo na maelezo kwenye ukurasa mmoja wa pamoja, uliomwarifu msomaji kwamba maelezo hayapo. Umbo la kanuni lilitimizwa, lengo lake likapotea, na hatimaye desturi hiyo ikaachwa.

Hoja hizo hazitoshi kulihalalisha pengo lililopo. Ukurasa ule ulishindwa kwa sababu ya kipimo kilichotumika: kuwapo kwa faili kulihesabiwa, kilichomo hakikutazamwa. Kiwango kinachofaa ni kidogo lakini kisichokwepeka: programu inafanya nini, mfano mmoja wa amri inayofanya kazi, mafaili inayoyabadili, na namna ya kuirudisha hali ya awali. Kwa programu nyingi, hayo hayazidi ukurasa mmoja. Mtunzaji asiyeweza kuyaandika hana budi kujiuliza kama kweli anakifahamu kifurushi anachokitia saini.

Suala hili linawahusu pia wanaisimu wa Kiswahili. Debian huruhusu kurasa za mwongozo za lugha mbalimbali, kila lugha ikiwa na mahali pake, na Kiswahili kina alama yake, sw. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulidhihirisha kuwa menyu za programu huria zaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Lakini menyu ni maneno mafupi, ilhali mwongozo ni nathari yenye maelekezo na masharti. Hapo ndipo ugumu unapojitokeza. Katika Kiswahili cha kawaida, yapasa hukaribiana mno na lazima, na msomaji anaweza kuyachukulia kuwa kitu kimoja. Tafsiri isiyopambanua ngazi hizo itageuza ushauri kuwa amri, au amri kuwa ushauri, na mtunzaji atakayeitegemea atakosea kwa nia njema.

Kwa hiyo, usanifishaji wa istilahi za kompyuta, ambao aghalabu umejishughulisha na nomino, hauna budi kuyagusa pia maneno ya wajibu. Kabla ya kuitaka Debian iseme lazima, yafaa ifahamike kwa hakika neno hilo lina uzito gani katika Kiswahili, na linaachana wapi na yapasa.