Jahazi la ndara

Wanaodai kwamba sanaa haibadilishi kitu walitazame jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu. Fundi Ali Skanda na wenzake walichukua takriban tani 10 za taka za plastiki, wakazigeuza mkuku, mataruma na mbao, kisha wakalivika jahazi ndara kuukuu zipatazo 30,000, hadi likang'ara kwa kila rangi. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likatweka tanga kwenda Zanzibar, mwendo wa kilomita 500 hivi, likisimama njiani ili watu walione na kuligusa. Naamini kuligusa huko kulifundisha kuliko mabango mengi ya serikali. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mbinu ni zile zile za waunda majahazi wa Lamu, walizorithi kwa wazee wao. Kilichobadilika ni mali ghafi tu. Lakini tusiwatwishe wasanii mzigo usio wao. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, ila chupa za kutumiwa mara moja zingali zinamiminwa madukani kila siku, na wanaozitengeneza ndio wanaopaswa kuzikusanya, kwa gharama zao, kabla hazijafika baharini.